Nyuma ya Kirangozi Hadi Kilele cha Uhuru

Tangu nirudi, kila anayenikuta kwenye njia ya Kwihara ananiuliza mambo yale yale: kama kweli nilifika juu, kama barafu bado ipo, na kwa nini kofia yangu imeshonwa shanga. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, huyu nusu, yule robo, na sasa nasikia habari zinazunguka Tabora mjini zikiwa zimeota mikia. Wapo wanaosema nilishushwa kwa machela. Basi nimekaa niandike yote mara moja, pamoja na yale ya kunitia aibu, ili atakayetaka kunicheka anicheke kwa jambo la kweli.

Mnamfahamu binti yangu Paulina. Alipoacha masomo ya ukatibu akaenda Moshi kubeba mizigo ya wapanda mlima, nilimwambia mezani, mbele ya wadogo zake, kwamba kazi ya mizigo iliishia kwa babu. Sikuwahi kulifuta neno hilo. Yeye alibeba, akasoma, akawa msaidizi, na mwaka huu amekuwa kiongozi mkuu. Ndipo akanipigia simu. "Baba, njoo nikupandishe Kilimanjaro kabla magoti hayajakukatalia. Ila huko nitakuongoza mimi. Utaweza kuongozwa?"

Nikamwambia nitaweza. Hilo ndilo lililokuwa mzigo wangu wa kweli safarini: kufika Kilele cha Uhuru pamoja naye, bila kumwaibisha mbele ya watu wake. Habari za vibali na malipo naziruka, hazina utamu.

Tabora hadi Tura

Ilikuwa mwezi wa tisa, vumbi jekundu na joto la kukausha mate. Begi langu lilikuwa limejaa asali ya Sikonge na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, nisije nikafika ugenini na njaa. Nguo za baridi zikakosa nafasi. Kwa hiyo nilipanda treni nimevaa koti zito na kofia ya sufu aliyonifumia dada yangu Skola, jua la saa nane likiwa utosini.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Ulyankulu, akienda Morogoro kumwona mwanawe. Alinitazama jasho linavyonitiririka chini ya ile kofia, akasogea, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso bila kuomba ruhusa. Akatangaza kwa behewa zima kwamba mzee ana homa kali na wafungue madirisha. Nilipomweleza kwamba najiandaa na baridi ya mlimani alitikisa kichwa kwa huruma, akamwambia jirani yake kwamba sasa imepanda kichwani. Nikanyweshwa maji ya ndimu mpaka Tura.

Tura tulikaa sana, tukisubiri kupishana na treni ya mizigo. Watu walishuka wakanyoosha miguu, wakanunua kuku wa kuchoma na uyoga mkavu. Nilisimama kando ya reli nikawaza kwamba babu yangu alipita humu humu kwa miguu, pembe ya ndovu begani, akielekea pwani. Zamani hizo kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Mimi nilikuwa na mvi, na mbali kuliko kote nilikowahi kufika kwa upande ule ni Dodoma.

Dodoma, kwa watani

Basi la kaskazini lilikuwa la kesho yake asubuhi. Nikaingia kwenye kibanda cha chakula karibu na stendi, cha mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, wateja wakimwita Mama Nyemo. Nilimsalimia Kigogo, "Mbukwenyi," neno pekee ninalolijua. Akaitikia, akauliza natoka wapi. Nikasema Tabora.

Akaweka chini bakuli la mlenda. "Mnyamwezi," akawaambia wateja wake, kama mtu aliyepata kitu kilichopotea. "Tangu lini Mnyamwezi akapita Ugogo bila hongo?"

Kwa vijana wasiojua: enzi za misafara Wagogo walishika visima vya maji katika nchi ile kavu, na kila msafara ulilipa nguo na shanga kabla ya kuruhusiwa kupita. Hayo yalikwisha, ukabaki utani. Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeshindwa wewe na kabila lako lote. Mama Nyemo akaninyang'anya kofia, akaivaa juu ya kitambaa chake, akasema hongo imepokelewa na njia iko wazi.

Hapo nilikosea. Ningemwambia tu kwamba naenda mahali pa barafu, angenirudishia pale pale na kunipa uji juu yake. Lakini anayeomba huruma kwenye utani amejisalimisha, na wateja walikuwa wananitazama. Nikala mlenda wangu, na wakati wa kuaga nikauchomoa mwiko wake mkubwa kwenye sufuria, nikaufuta, nikautia kwenye begi mbele ya macho yake. Nikamwambia Wanyamwezi nao wana ushuru wao. Kibanda kizima kilicheka, yeye kuliko wote. Nikaondoka mshindi, kichwa wazi.

Kondoa, Babati, Marangu

Barabara ya Kondoa na Babati sitaieleza sana, nililala. Tulipokaribia Moshi niliamka nikaanza kuutafuta mlima. Nilitazama upande wa kaskazini kwa bidii, nikaona vilima, migomba, kisha mawingu. Nikamwuliza jirani yangu mlima uko wapi, akanionyesha kwa kidevu. Sikuona kitu. Nikadhani ananitania, nikamwambia mimi si Mpare hata Mchaga anitanie.

Paulina alikuja kunipokea stendi. Akapiga goti, "Shikamoo, baba," nikaitikia marahaba, na nikamlalamikia kwamba mlima wao umefungwa. Akanishika mabega akanigeuza kidogo. "Unatazama chini ya mawingu, baba. Tazama juu yake."

Nikainua shingo. Pale nilipodhani ni anga tupu, palikuwa na bega jeupe limekaa juu ya mawingu bila kushikwa na chochote. Nikauomba mlima radhi kwa sauti, stendi nzima ikisikia.

Jioni ile Marangu tulikula mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, pamoja na watu wa msafara wetu. Wageni wa kulipa walikuwa mume na mke kutoka Ujerumani, wapole, wenye viatu vya gharama. Mpishi alikuwa Elibariki, Mchaga wa hapo hapo, mtu wa maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha majina. Wazee wake, alisema, hawakuwa na haja ya jina moja la mlima wote. Walivitaja vilele: Kibo, kwa sababu ya madoa meusi ya mawe kwenye weupe wake, na Mawenzi, uliomeguka. Hadithi yao inasema moto wa Mawenzi ulikuwa ukizimika, akawa anakwenda kuomba kaa kwa ndugu yake Kibo, tena na tena, mpaka Kibo aliyekuwa akitwanga ndizi kavu akachoka, akampiga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana mapengo mpaka leo. Shira, wa tatu, ulikwisha kubomoka zamani.

"Na Kilimanjaro?" nikauliza.

"Hilo ni jina la wapita njia," akasema Elibariki. "Kila mtu ana tafsiri yake. Wengine wanasema kilima cha kung'aa. Lakini kwetu kyaro ni safari, na wapo wanaosema jina maana yake ni kile kilichoushinda msafara." Akanitazama kichwa mpaka miguu. "Na sasa tumeletewa Mnyamwezi mwenyewe. Tutajua."

Wote wakacheka. Nami, kwa kutaka kuilinda heshima ya Tabora, nikawasimulia habari za babu: mzigo wake, njia yake, na yule kirangozi, mpagazi mkuu aliyetangulia msafara mzima. Nikawaeleza kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumpita kirangozi. Aliyempita alitozwa faini ya mshale. Nilisimulia vizuri sana. Paulina alisikiliza, kidevu kwenye kiganja.

Msituni, kisha Horombo

Siku ya kwanza ni msitu. Miti imevaa ndevu za ukungu, matone yanadondoka ingawa hainyeshi, kima wanakutazama kutoka juu. Nikakumbuka somo la jiografia la kidato cha pili: upepo wenye unyevu unapogonga mlima hupanda, hupoa, huacha mvua yake upande huu. Niliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata, bila kujua kwamba unaweza kulisikia shingoni.

Asubuhi iliyofuata, Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, ndipo nilipoharibu. Mzigo wangu alikuwa amepangiwa Teofili, mtu mzima mwenye mvi kama zangu, mmoja wa wale wapagazi wanaoitwa wagumu. Nilimwambia auache. Nikasema Mnyamwezi habebewi. Nikautupa begani pamoja na asali na mwiko, nikaondoka.

Njia ikatoka msituni ikaingia nchi ya nyasi na vichaka vifupi, jua kali, hewa ya ubaridi mtamu. Paulina alikuwa mbele na Wajerumani, akitembea kwa mwendo ule wao wa pole pole, hatua fupi kama mtu anayepima shamba. Nikaona ni dharau kwa miguu yangu. Nikampita. Alisema, "Baba, rudi nyuma," nami nikapunga mkono kama mgombea udiwani. Nilifika Horombo, kituo cha pili, peke yangu, mbele ya watu wote, nikakaa kwenye ngazi ya kibanda nikiwasubiri, nimeweka uso wa mtu asiyechoka.

Walipofika nilitaka kusimama niwapokee. Kibanda kikazunguka. Kichwa kilinigonga kama kinu, nikatapika matobolwa yote ya Tabora mbele ya wageni.

Paulina alinilaza, akanipima pumzi, akaninywesha maji. Hakugomba. Alipoona naweza kusikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Hewa ya huku si ya Kwihara, baba. Mwili unataka muda wa kuizoea, na nguvu hazisaidii kitu. Kesho tunapumzika hapa hapa. Kichwa kisipopoa, unashuka. Baba au si baba."

Niliuliza kama atashuka nami. Akasema hapana, yeye ana wageni, nitashuka na msaidizi wake. Nilikubali kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa, na moyo ukashuka kabla ya miguu.

Jioni Teofili aliniletea uji. Hakunitazama. Nikamwuliza kama nimemkosea. Akasema kwa muda wote aliofanya kazi hii hakuna aliyewahi kumkataza kugusa begi. Alidhani nimemwona mwizi. Nikashtuka, nikamweleza habari za babu upya, kwamba kwetu kubeba ndiyo heshima yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mzee. Wewe unajivunia mzigo wa babu yako," akasema. "Na wajukuu zangu waachie na wao mzigo wa kujivunia."

Nikamwomba radhi. Akaupokea mkono wangu, kisha akalipokea na begi.

Tandiko

Siku ya mapumziko kichwa kilipoa. Paulina alinipima mara mbili, akaniambia nitaendelea, ila kuna deni la msafara. Aliwaita Elibariki, Teofili na wengine waje wasikie.

"Baba, ulituambia anayempita kirangozi hutozwa nini?"

Nikasema mshale.

"Mshale huna. Basi utalipa mdomo. Kutoka hapa hadi kileleni husemi neno, isipokuwa nikikuuliza unajisikiaje. Na unatembea nyuma yangu."

Elibariki alifurahi kama aliyepewa ng'ombe. Kesho yake siku nzima alitembea karibu nami akinisimulia mabaya ya Wanyamwezi, akisubiri nijibu. Nilikuwa na majibu mazuri. Nimeyahifadhi.

Kati ya Mawenzi na Kibo kuna uwanda mpana wanaouita Tandiko. Huko hakuna mti, hakuna nyasi za maana, ni changarawe na mawe na upepo. Jua linakuchoma upande mmoja wakati upande mwingine unaganda. Nilijifunza shuleni kwamba kila ukipanda mita elfu moja joto hupungua nyuzi sita hivi, na kwamba ndiyo sababu barafu inaweza kukaa karibu na ikweta. Darasani ilikuwa mstari kwenye ubao. Pale ilikuwa masikio yangu, yasiyo na kofia. Paulina aliyatazama, akauliza kofia aliyofuma shangazi iko wapi. Sikuruhusiwa kujibu. Nikautoa mwiko kwenye begi alilobeba Teofili nikamwonyesha. Hakuelewa chochote, akavua kitambaa chake cha shingo akanifunga kichwani, fundo chini ya kidevu, nikawa kama bibi anayekwenda misa ya kwanza.

Elibariki aliuona mwiko akaudai, wake ulikuwa umevunjika mpini. Uji wa kambi ya Kibo, kituo cha mwisho, ulikorogwa kwa mwiko wa Dodoma, na nakiri ulikuwa uji wa maana.

Kileleni

Sehemu ya mwisho huanza gizani, wakati changarawe bado imeshikwa na baridi na haitelezi sana. Sikumbuki mengi: visigino vya Paulina kwenye mwanga wa taa, hatua, pumzi mbili, hatua. Hewa huko ni kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo unavuta na kuvuta na kifua kinauliza kimebaki wapi. Kila mara nilipotaka kuharakisha ili mateso yaishe, nilivitazama vile visigino. Havikubadilisha mwendo. Nami sikubadilisha.

Macheo yalitukuta kwenye ukingo wa kreta. Jua lilitoka nyuma ya Mawenzi, chini yetu, nikaona ule mlima wenye mapengo ukiwa mweusi kabisa juu ya bahari ya mawingu. Kibo haujafa, umelala tu. Paulina alisema ndani kabisa ya kreta bado panatoka harufu ya kiberiti. Kushoto kwetu ilisimama barafu, ukuta mrefu wa rangi ya buluu iliyofifia. Akanionyesha mawe makavu mbele yake. "Nilipoanza kazi, barafu ilifika hapa." Tulipasimamia kidogo. Alisema haiondoki kwa kuyeyuka tu, jua na ukavu vinaila bila hata kuigeuza maji, na theluji mpya haitoshi kuirudishia. Kwa hiyo kwa wanaoniuliza: ipo. Ila msikawie.

Kilele chenyewe zamani kilipewa jina la mfalme wa Wajerumani. Mwenge ulipowashwa pale wakati wa Uhuru, jina likabadilishwa. Yule mgeni mume alisema anaona la sasa ni zuri zaidi, na halimbani mtu.

Ubao wa mbao unaoonyesha kilele ukaonekana. Hatua chache kabla ya kuufikia Paulina alisimama, akajisogeza kando ya njia. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi.

"Pita, baba. Mgeni ndiye anayegusa kwanza."

Nilikuwa nimekaa kimya tangu Horombo, sauti ikatoka kama ya mlango wa ghala. "Kirangozi hapitwi. Tangulia."

Alinitazama. "Faini imekwisha, baba. Una ruhusa."

"Najua. Tangulia."

Akabaki amesimama kidogo, kisha akageuka, akaenda akaweka kiganja kwenye ubao. Mimi nikaweka changu baada ya chake. Kwenye picha tuliyopiga nimefungwa kitambaa cha kike na nimeshika mwiko. Iko ukutani kwangu, karibuni.

Kurudi Kwihara

Kushuka ni magoti tu. Paulina aliomba likizo tukarudi pamoja. Asali niliiacha kwa Teofili na wenzake.

Dodoma nilimpeleka kibandani nikaurudisha mwiko, nikatangaza kwamba umefika juu kuliko Mgogo yeyote wa ukoo ule. Mama Nyemo akaingia ndani akatoka na kofia yangu. Alikuwa ameizungushia shanga nyekundu na nyeupe, kazi safi ya siku nyingi. Akasema aliona Mnyamwezi asiye na pembe za ndovu asirudi kwao mtupu. Paulina alipomweleza baridi niliyoipata bila ile kofia, mama yule aliacha kucheka, akaniuliza kwa nini sikusema. Nikaomba mlenda.

Tulishuka Tabora asubuhi, na kwenye njia ya Kwihara nikachukua begi la Paulina nikaliweka begani. Akataka kunipokonya, nikakataa. Akatangulia, nikafuata. Karibu na mashamba ya tumbaku tukamkuta jirani yangu Mzee Kasim, ameegemea baiskeli. Mlimsikia mwenyewe baadaye akiwasimulia. Aliniuliza kama nimekuwa mpagazi wa mwanangu, na kama siku hizi njia ya nyumbani kwangu siijui mpaka nionyeshwe.

Nikamwambia naijua. Paulina alikuwa amesimama akisubiri, nami nikasimama nyuma yake mpaka alipoanza tena kutembea.